Nani Ataniosha

Nakaloke, 14 Januari 2024

Mdogo wangu Yakub,

Assalaam alaykum. Sisi huku tu wazima, isipokuwa goti langu la kulia, ambalo siku hizi linaamka kabla yangu na kulala baada yangu. Nimemaliza kawa kumi na mbili za kufunikia vyakula vya harusi ya jirani, nyekundu na kijani kama alivyokuwa akisuka mama, na macho yananiwasha. Jua ni kali. Kisima cha msikiti kimeshuka, tunachota kwa zamu na kugombana kwa zamu.

Anayekuletea barua hii ni Topista, yule mama wa Masese anayeleta dagaa wa mukene hapa Nakaloke siku za gulio. Ukiona karatasi inanuka samaki usikunje uso, ndiyo posta niliyoipata. Nifanyeje? Simu yako imezimwa tangu Novemba. Nikimpigia mwanao Fatumah ananiambia, "Shangazi, Baba hataki simu." Nikimwomba akupe, namsikia akikuita, halafu nasikia mlango. Basi nimekumbuka baba alivyokuwa akituandikia kutoka kambini, kwa Kiswahili chake cha kijeshi chenye amri kila mstari, na sisi tukimjibu kila mwezi bila kukosa. Mkono wangu haujasahau. Wako je?

Sasa nikuulize. Nimesikia huendi msikitini tena, hata Ijumaa. Nimesikia unasali nyumbani, na miguu yako iko juu ya kipande cha mpira. Mpira, Yakub! Ni dini gani hiyo uliyoianzisha huko Bugembe? Au ni ile mashine ya kifuani? Mwaka huu inatimiza miaka minane. Sijasahau siku ile Kampala, nilivyokaa nje ya mlango nimeshika viatu vyako mpaka walipokutoa.

Niandikie, na usinipe maneno matamu. Nakujua tangu ukiwa huna meno.

Dada yako,
Juwairiya


Bugembe, 2 Februari 2024

Dada yangu Juwairiya,

Waalaykum salaam. Barua yako nimeipokea na harufu yake yote; paka wa jirani naye aliipokea vizuri sana. Hapa Fatumah hajambo, mumewe hajambo, na mjukuu wetu Ruqaiya ametimiza miaka mitatu na anatutawala wote. Pole kwa goti. Paka mafuta ya moto, na uache kuchuchumaa kwenye kusuka, ingawa najua hutanisikiliza.

Kuhusu simu, pale kliniki walituambia tangu mwanzo tuiweke mbali na kifua. Mimi nimeiweka mbali zaidi, ndiyo tofauti. Kuhusu msikiti, miguu imevimba, viatu haviingii na kile kilima kinanikata pumzi. Na mpira ni kwa sababu ya baridi ya sakafu. Umeridhika?

Umetaja mashine. Unakumbuka Sista Janepher, muuguzi wa kliniki ya moyo, alivyotueleza? Alisema hiki ni askari. Analala humo ndani, na moyo ukianza kukimbia ovyo anaamka, anaupiga rungu moja la umeme, unarudi kwenye mstari. Nilicheka sana siku ile. Miaka thelathini nimekuwa fundi umeme, nimepanda nguzo za Jinja nzima, umeme haukunigusa hata mara moja, halafu nikaenda mwenyewe kuushonewa ndani.

Tulikuwa wanne kwenye benchi moja. Mimi, Mzee Odhiambo wa Tororo, mwalimu mmoja wa Kamuli, na yule mama wa Soroti aliyekuwa akigawa karanga. Mama alitutoka mwaka wa pili. Mwalimu mwaka wa tano. Sista anapenda kutuonyesha mimi na Odhiambo kwa wagonjwa wapya: tazameni wazee hawa, miaka minane! Na ni kweli, sita ya kwanza ilikuwa mizuri. Nilirudi kazini, nilicheza harusi ya Fatumah mpaka ukaniambia nikae chini. Lakini askari hatibu moyo, dada. Analinda tu. Yeye yuko vizuri kabisa, ila nyumba anayoilinda inabomoka. Siku hizi nalala nimeketi, mito mitatu mgongoni.

Usihuzunike, ni habari tu. Nisalimie majirani.

Mdogo wako,
Yakub


Nakaloke, 25 Februari 2024

Yakub,

Assalaam alaykum. Goti afadhali kidogo. Jana nimemwosha bibi wa watu aliyekuwa na miaka tisini na mbili, mwepesi mikononi kama nguo ya kuanikwa. Mungu amrehemu. Ni wa mia na ngapi sijui, nimeacha kuhesabu tangu nilipomwosha mama.

Nakuandikia nikiwa na hasira, kwa hiyo salamu zitakuwa fupi. Wiki iliyopita ile harusi imefanyika, na nani aliyekuja kutoka Bugembe kuuwakilisha ukoo wa bwana harusi? Wahab. Wahab yule yule anayesali bega kwa bega na wewe, anayeosha maiti wa kiume wa mtaa wenu. Nikamwambia, yule mdogo wangu anasimama juu ya mpira kwa sababu ya baridi. Akaacha kutafuna. Akanitazama. Akasema, "Mama Juwairiya, baridi gani? Yakub ana umeme. Ilinipiga mimi msikitini, nikaanguka mbele ya watu. Mimi simgusi tena yule, hapana!"

Akaeleza mbele ya sahani ya pilau na watu wote wakisikiliza. Kwamba mlikuwa kwenye safu, bega lake na bega lako, ukaruka kama mtu aliyechomwa, naye akasikia kitu kikimpita mkononi. Tangu siku hiyo hakuna anayetaka kusimama karibu nawe. Mimi nikabaki na tonge mkononi. Ndugu yangu wa tumbo moja, na nasikia habari zako harusini!

Ramadhani iko karibu. Sitaki kuingia mwezi huo na uongo kati yetu. Niambie kilichotokea.

Juwairiya


Bugembe, 19 Machi 2024

Dada,

Waalaykum salaam, na Ramadhani njema. Mimi sifungi mwaka huu, daktari amekataza. Fatumah ananipa uji mchana na ninaunywa nikiwa nimegeukia ukuta. Ruqaiya anasema naye amefunga, kila baada ya saa moja.

Hasira yako ni haki yako. Haya, sikiliza.

Mara ya kwanza ilikuwa Novemba. Nilikuwa nimekaa uani, simu mfukoni mwa shati, ikalia. Kabla sijaitoa, nilipigwa. Siwezi kukueleza vizuri. Fikiria mtu amekupiga teke la kifua, lakini kutoka ndani. Niliona mwanga mweupe, nikajikuta chini na uji umemwagika. Tangu hapo sishiki simu. Mara ya pili ndiyo hiyo ya msikitini, wiki mbili baadaye. Wahab hakudanganya, ila ameongeza chumvi: alichosikia ni kidogo tu, kilichomwangusha ni woga.

Sasa unajua kazi yangu. Fundi umeme akipigwa mara mbili anatafuta njia uliyopitia umeme. Nikajisemea, mara zote mbili nilikuwa miguu mitupu juu ya saruji. Mwili umeshika ardhi. Basi nikakata kipande cha mpira, ule mzito tuliokuwa tukisimama juu yake kwenye vyumba vya swichi, nikauweka chini ya msala. Msikitini siwezi kuingia na mpira. Ndiyo maana siendi. Wewe uliona dini mpya, kumbe ni fundi mjinga, maana nilipigwa mara ya tatu nikiwa juu ya mpira huo huo.

Lakini haya si ndiyo yaliyonifanya nikae na kalamu. Mzee Odhiambo amefariki. Mkewe, Beldina, alipita hapa akitoka Kampala, akakaa pale unapokaaga wewe. Alisema mzee alikuwa amechoka kabisa, ameshaaga watoto, anakwenda taratibu. Halafu askari akaamka. Moyo unakufa, yeye anadhani unakimbia ovyo, anaupiga urudi. Unarudi kidogo, unakwenda tena, anaupiga. Beldina alikuwa amemshika mikono. Alihesabu mara kumi na moja. Alisema, "Kila mara alifungua macho akanitazama kama mimi ndiyo nampiga."

Dada, sitaki kufa hivyo. Nimemuuliza Sista Janepher. Anasema inawezekana kumzima askari, hawapasui kitu. Uamuzi ni wangu. Fatumah nilipomgusia tu alilia akasema hakuna mtu atakayemzima baba yake. Sijamgusia tena.

Ila wewe ndiye uliyenipeleka. Mimi sikutaka mwaka ule, wewe ukanishika mkono ukasema kukataa dawa ni kujiua. Maneno yale ninayo bado. Kwa hiyo nakuuliza wewe: na kuizima, je? Nenda kwa Shehe Ukasha wenu, uniulizie. Na uniambie wewe mwenyewe unasemaje. Bila ruhusa yako sitafanya.

Yakub


Nakaloke, 15 Aprili 2024

Mdogo wangu,

Assalaam alaykum, na Idi njema iliyopita. Tulisali uwanjani, watu walikuwa wengi, mvua ikatuacha tumalize ndipo ikanyesha. Nilipika gurusa, zile chapati nyembamba za kwetu, na mchuzi wa kuku, nikakumbuka ulivyokuwa ukiiba zile za juu kabla ya baba kurudi. Nimekuwekea kawa moja kwa Topista, ya zambarau, ni ya Ruqaiya, mwambie asiivae kichwani. Mahindi yameota vizuri. Mbuzi wa jirani amekula kibaraghashia cha muadhini, tumecheka siku mbili.

Pole kwa Mzee Odhiambo. Mpe Beldina rambirambi zangu.

Shehe Ukasha yuko safarini. Akirudi nitamwona.

Kunywa dawa zako. Punguza chumvi.

Dada yako,
Juwairiya


Bugembe, 20 Mei 2024

Dada,

Waalaykum salaam. Mwandiko utauona. Fatumah alitaka kuniandikia, nimekataa.

Kawa imefika. Inavaliwa kichwani kutwa.

Nimepigwa tena mara mbili mwezi huu. Moja Ruqaiya akiwa mapajani. Hakudhurika, alishtuka tu, lakini sasa akitaka kunikalia namwambia babu anaumwa mguu. Anakaa kwenye kigoda mbele yangu, mbali kidogo, ananitazama.

Hukunijibu. Nimesoma barua yako mara nne nikitafuta jibu, nimekuta mbuzi.

Kuna jambo jingine, nalo linanisumbua kuliko kufa kwenyewe. Wahab ametangaza. Amesema mbele ya watu kwamba siku yangu ikifika yeye hatatia mkono, na wale vijana wanaomsaidia nao wamesema hivyo hivyo. Maji na umeme, wanasema, nani ataingia? Na mimi kama fundi siwezi kuwaambia ni wajinga, kwa sababu ningekuwa mimi ningesema vile vile. Sina mke wa kuniosha, sina mtoto wa kiume, na mume wa Fatumah naye anaogopa. Wewe umeosha watu maisha yako yote, unajua maana yake mtu kufukiwa hajaoshwa. Niambie, nani ataniosha?

Yakub


Nakaloke, 30 Julai 2024

Mdogo wangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullah. Sitakuambia habari za mahindi.

Nimekaa na barua yako zaidi ya miezi miwili. Topista amepita mara saba akiuliza kama kuna jibu, mara saba nimemwambia bado, mpaka siku ya mwisho akanikemea. "Nyabo, yule mzee iko naisha. Andika!" Mwanamke wa samaki ndiye aliyenisukuma.

Kwanza nikuombe radhi. Shehe Ukasha hakuwa safarini. Hajaenda popote mwaka huu, hata Mbale mjini anakwenda kwa shida. Nilikuwa nampita kila siku nimejifunika uso nisije nikakumbuka nina swali lako. Niliogopa jibu, Yakub. Niliogopa akisema haramu, nitakuwa nimekufungia mlango. Na niliogopa zaidi akisema inafaa. Maana mimi ndiye niliyekupeleka, nikasema maneno yale makubwa, na nikajivunia miaka minane. Kila mtu aliyeniuliza nilimwambia, mdogo wangu yu hai kwa sababu yangu. Kuruhusu izimwe niliona ni mimi nakuzima kwa mkono wangu.

Mwishoni nimekwenda. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, wakikizima, moyo unasimama papo hapo? Nikasema sijui. Akasema, "Nenda kaulize wanaojua, halafu urudi. Mimi sitii neno juu ya kitu nisichokifahamu." Basi nikamngoja yule daktari wa moyo anayekuja Mbale mara moja kwa mwezi. Nilikaa foleni toka asubuhi na wagonjwa, na mimi siumwi kitu ila goti. Akaniambia, "Hapana, mama. Moyo unaendelea na kazi yake hadi siku yake. Tunachozima ni kule kupiga tu. Na kwa mgonjwa aliyefikia hapo, kupiga hakumwongezei maisha, kunamwongezea maumivu."

Nikarudi kwa Shehe na maneno hayo. Akasema kuacha kitu kinachotesa na hakiponyi si kujiua. Ajali, yaani siku ya mtu kufa, iko kwa Mungu, ilikuwa kwake kabla ya hiyo mashine na itabaki kwake ikizimwa.

Hayo ni yao. Umeniuliza mimi nasemaje. Mimi nasema nakuruhusu, na ninalia nikiandika, na sioni haya kukuambia. Nenda ukaizime. Nisamehe kwa miezi hii, umepigwa ukinisubiri.

Swali lako la mwisho sijalijibu. Nalifikiria.

Juwairiya


Bugembe, 26 Agosti 2024

Dada yangu kipenzi,

Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Imekwisha. Alhamisi iliyopita Fatumah alinipeleka Kampala, nikamwambia wanapima betri, akae nje ashike viatu vyangu. Sista Janepher aliniuliza mara tatu kama nina hakika. Akaweka kisahani cha kupimia mashine juu ya kifua, akabonyeza kwenye kompyuta, akasema, "Tayari, mzee." Sikusikia chochote. Nilibaki nimelala nikisubiri, mpaka akanigusa bega akasema nivae shati.

Fatumah hajui. Hakuna anayejua hapa. Nikimwambia Wahab, kufika alasiri mtaa mzima unajua, na Fatumah ataona nimekata tamaa naye. Siku yangu ikifika, wewe ndiye utakayewaambia. Humu ndani ya bahasha kuna karatasi ya kliniki, ina muhuri. Waonyeshe. Waambie waingie na maji yao bila hofu, ndani hamna askari tena, kuna chuma tu. Hilo ndilo jibu la swali langu, hukuwa na haja ya kulifikiria.

Mpira nimeukunja nyuma ya mlango. Naswali nimeketi, miguu mitupu chini.

Sasa nikuambie kitu nilichokuficha tangu Novemba. Simu iliyolia siku ile ya kwanza ilikuwa yako. Jina lako ndilo lililokuwa kwenye kioo nilipoiokota. Ndiyo maana nilitoka nje kila Fatumah alipotaka kunipa niongee nawe. Sikukuambia kwa sababu nakujua, ungeibeba kichwani mpaka kaburini. Siku hiyo ya Kampala nilimuuliza Sista. Amesema simu haikuwa na kosa lolote, wala saruji, wala maji. Moyo uliharibika dakika ile ile, basi. Miezi tisa nimeikimbia sauti yako bure.

Ruqaiya amelala mapajani kwangu ninapoandika, ndiyo maana mistari inapanda kilima. Amenitia mate shati zima.

Mgongo umechoka. Topista anakuja kuchukua barua leo, nimemwambia uisome haraka. Kama goti linaruhusu, njoo. Nitawasha simu kesho, Fatumah akinunua chaji. Piga.

Mdogo wako,
Yakub


Nakaloke, 17 Septemba 2024

Mdogo wangu,

Assalaam alaykum, na sasa salamu hiyo nakupa kama wanavyopewa walio kule uliko.

Barua yako imefika leo. Topista alishikwa na malaria, akapelekwa kwao Busia akalala huko wiki tatu, na bahasha yako ikiwa ndani ya kapu lake. Amekuja kwangu moja kwa moja kutoka huko, amekonda, hajafika Masese wala Bugembe. Ameniambia, "Mzee nasema usome mbio." Nimeisoma nimesimama, halafu nimekaa.

Simu yako sikuipiga kwa sababu sikujua imewashwa. Fatumah ndiye aliyenipigia, tarehe tatu alfajiri. Alisema ulikunywa chai, ukamwambia umechoka, ukalala juu ya mito yako mitatu na hukuamka. Nikamuuliza, ilipiga? Akasema hapana, Baba alilala tu, hata mimi nashangaa. Hakujua. Na mimi sikujua.

Nilifika Bugembe kabla ya adhuhuri. Maji yalikuwa yamechemshwa, majani ya mkunazi yametwangwa, kafuri ipo, sanda ipo, na wanaume wamesimama nje ya pazia wakitazamana. Wahab alikuwa amevaa mabuti ya mvua. Kijana wake ameshika glovu. Imamu alisema maneno yote ya dini aliyonayo. Hakuna aliyeingia. Jua linapanda, na wewe umelala ndani, ndugu yangu, kama mzigo ambao hauna mwenyewe.

Nikamwambia Imamu, mimi ni dada yake, baba mmoja mama mmoja. Kama wanaume hawapo, inafaa nimwoshe au haifai? Akatazama mabuti ya Wahab. Akasema, "Wanaume hawapo. Ingia."

Wahab akaukuta mpira wako nyuma ya mlango, akanitandikia pale penye maji nisimamie. Nikausukuma kwa mguu. Nilivua ndala. Nilisimama miguu mitupu juu ya saruji iliyolowa, Yakub, pale pale ulipopaogopa, nikakufunika vizuri, nikasema bismillah, nikaanza upande wa kulia kama inavyotakiwa. Kulia ni rahisi. Ila nilijua kushoto, penye mashine, kunakuja.

Sitakudanganya, niliogopa. Nimeosha watu wote wale na sikuwahi kumwogopa maiti, lakini maji yalinimwagikia miguuni kabla sijayamimina. Nilikiona pale chini ya ngozi, chini ya mfupa wa bega, kama kisanduku cha wanja. Nilimfikiria Beldina na mara zake kumi na moja. Nikajisemea, mimi ndiye niliyekileta, kama kuna wa kupigwa leo ni mimi. Nikaweka kiganja changu chote juu yake. Nikafumba macho nikasubiri.

Nilisubiri kama ulivyosubiri wewe pale Kampala.

Halafu nikakuosha. Nilimimina maji pale mara tatu, nikarudia tena mara mbili maana sikutaka paonekane pamebaguliwa. Nikiwa katika hiyo ya tano pazia likafunguka, Wahab akaingia miguu mitupu, mabuti kayaacha nje. Alikuwa analia. Akachukua ndoo, akaanza kunimiminia, na tukakumaliza pamoja.

Leo ndipo nasoma kwamba hakikuwa na kitu. Karatasi ya muhuri iko hapa mbele yangu. Kama ingefika kwa wakati ningewaonyesha, Wahab angeingia na watu wake, nami ningekaa nje na wanawake. Watu watasema bahati mbaya ilichelewa. Mimi nashukuru ilichelewa. Uliuliza nani atakuosha, na nilichelewa kukujibu karibu kila kitu mwaka huu, lakini hilo nimekujibu nikidhani bado kinaishi.

Ile simu ya Novemba umesema kweli, nitaibeba. Unajua nilikuwa napiga kwa nini? Nilitaka kukuuliza idadi ya nyuzi za kawa ya mama, ile ya zambarau, maana wewe ulikuwa unazihesabu ukiwa mtoto. Si kitu kingine.

Fatumah nitamwambia mwenyewe, arobaini ikipita.

Topista bado amekaa pale nje juu ya gunia lake, ananingoja nimalize, kama siku zote. Ameshatengeneza nafasi kwenye kapu. Hajui. Anadhani kesho atafika Bugembe akukute mlangoni. Nimeandika polepole kadiri nilivyoweza ili nisitoke, lakini karatasi imefika mwisho, na sasa inabidi nitoke nimwambie.

Dada yako,
Juwairiya